Konstanz: Mtaguso Uliofunika Kombe

Tangu moshi mweupe utoke kwenye dohani ya Kikanisa cha Sistina tarehe 8 Mei 2025, na Kardinali Robert Prevost akatokea roshani akiwa Papa Leo XIV, kuna hoja inayosambazwa mitandaoni kwa bidii ya ajabu. Inaanzia mbali: Benedikto XVI hakujiuzulu sawasawa mwaka 2013, kwa hiyo Fransisko hakuwa Papa, kwa hiyo makardinali aliowateua Fransisko, ambao walikuwa 108 kati ya wapigakura 133, hawakuwa makardinali, kwa hiyo kura yao ni batili na Kiti cha Petro kiko wazi. Mwishoni huja dawa: uitishwe mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, kama ule wa Konstanz wa karne ya 15, ukae, usikilize ushahidi, umtangaze Papa wa kweli. Hata kwenye kundi la simu la jumuiya yetu, ambalo kwa kawaida ni la michango ya misiba na zamu za kusali nyumba kwa nyumba, mzee mmoja ninayemheshimu alituma sauti ya dakika tisa yenye hoja hiyo, akamalizia kwa kuuliza: "Wanangu, kama wazee wetu katika imani waliweza kuwahukumu mapapa watatu, sisi tunashindwaje na mmoja?"

Swali la mzee ni zuri, ila limesimama juu ya jambo ambalo halikutokea. Konstanz haikumtafuta Papa wa kweli. Iliketi miaka mitatu na nusu, ikawaondoa watu watatu waliokuwa wakidai ukhalifa wa Petro, ikamweka wa nne, na katika muda wote huo haikutamka hata mara moja nani kati ya wale watatu alikuwa na haki tangu mwanzo. Ilifanya kile ambacho sisi tunakiita kufunika kombe mwanaharamu apite. Waliojaribu kuketi kama mahakama walikuwa wenzao wa mtaguso wa Pisa, miaka mitano hivi kabla, na walichovuna ni kuongeza Papa wa tatu. Anayeitumia Konstanz leo kama mfano wa baraza la kumsaka Papa halali ameishika kwa miguu, kichwa chini.

Ili tuone kwa nini haikuwezekana kuhukumu, turudi Roma, Aprili 1378. Mapapa walikuwa wamekaa Avignon tangu 1309. Gregori XI alirudi Roma Januari 1377, akafariki humo tarehe 27 Machi mwaka uliofuata. Makardinali 16, wengi wao Wafaransa, wakaingia kwenye konklavu, kikao cha faragha cha kumchagua Papa, huku nje umati ukipiga kelele kwamba unamtaka Mroma, au angalau Mwitalia. Tarehe 8 Aprili wakamchagua Bartolomeo Prignano, askofu mkuu wa Bari, mtu ambaye hakuwa kardinali wala humo ndani hakuwamo. Kabla habari haijatangazwa umati ukavamia jengo. Kwa hofu, makardinali wakamvika mzee Tebaldeschi, mwenzao aliyekuwa Mroma, mavazi ya kipapa na kumkalisha kitini ili watu waridhike na wao wapate upenyo wa kutoroka. Mzee wa watu akawa analalamika kwamba si yeye. Siku ya Pasaka, tarehe 18 Aprili, Prignano alitawazwa kwa jina la Urbano VI, na makardinali walewale walihudhuria, wakawaandikia wakuu wa Ulaya kuwatangazia, wakamwomba fadhila hii na ile kama ilivyo desturi kwa Papa mpya.

Kisha Urbano akaanza kuwatukana hadharani. Alikuwa mtu wa hasira, na wapo waliodhani madaraka yamempanda kichwani. Kufikia Agosti makardinali walikuwa wamekusanyika Anagni wakisema uchaguzi wa Aprili ulikuwa batili kwa sababu walipiga kura wakiwa na upanga shingoni. Tarehe 20 Septemba, mjini Fondi, wakamchagua Robert wa Geneva, akajiita Klementi VII, akaenda kukaa Avignon. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Mashahidi wa uchaguzi wa kwanza ndio walewale mashahidi wa ubatili wake. Anayemtetea Urbano atasema: kama mlilazimishwa, mbona mlimtawaza, mkamwandikia barua, mkamwomba vyeo? Anayemtetea Klementi atajibu: hofu haikuisha siku ile, iliendelea mpaka tulipotoka mjini. Hoja zote mbili zina uzito, na mtu mwaminifu aliweza kuangukia upande wowote. Katerina wa Siena alimtetea Urbano mpaka kufa kwake. Vincent Ferrer alikuwa upande wa Avignon. Wote wawili Kanisa limewatangaza watakatifu. Ufaransa, Uskoti, Castilla na Aragon zikaenda Avignon. Uingereza, Hungaria, Poland na sehemu kubwa ya Ujerumani na Italia zikabaki na Roma. Mashirika ya kitawa yakawa na wakuu wawili wawili, na kuna majimbo yaliyokuwa na maaskofu wawili, kila mmoja akimtenga mwenzake na Kanisa kwa laana. Mapapa wale wa mwanzo walipokufa, kila upande ukachagua mrithi wake. Farakano likawa na wajukuu.

Wasomi wa Chuo Kikuu cha Paris waliliona hilo mapema. Mwaka 1394 walipendekeza njia tatu: wote wawili wajiuzulu, au wakubali wasuluhishi, au uitishwe mtaguso mkuu. Tazama kwamba njia ya kwanza, ambayo ndiyo waliyoipenda zaidi, haihitaji kujua nani ana haki. Inahitaji tu watu wawili wakubali kung'atuka siku moja. Ufaransa ilijaribu kumlazimisha Benedikto XIII wa Avignon kwa kuondoa utii wake mwaka 1398. Kasri lake likazingirwa, akakaa humo kama mfungwa miaka kadhaa, akatoroka mwaka 1403, na mwaka huohuo Ufaransa ikamrudishia utii. Ubabe wa upande mmoja ulishindwa.

Halafu ikaja ile safari ya Savona, ambayo ningeipa nafasi kubwa zaidi kama ningekuwa mtunzi wa vichekesho. Mwaka 1407 Gregori XII wa Roma na Benedikto XIII wa Avignon walikubaliana kukutana Savona, kwenye pwani ya Liguria, ili wote wajiuzulu. Benedikto alikuja kwa merikebu, akasogea bandari kwa bandari mpaka Portovenere. Gregori alikuja kwa nchi kavu, akafika Lucca, akasimama. Walikuwa karibu kabisa, na bado hawakuonana. Mwanazuoni Leonardo Bruni, aliyekuwa mtumishi katika ofisi ya Gregori, aliandika kwamba mmoja alikuwa kama mnyama wa majini asiyetaka kutoka kwenye maji, na mwingine kama mnyama wa nchi kavu anayeogopa ufuo. Mwaka 1408 makardinali wa pande zote mbili wakachoka, wakawatoroka mabwana zao, wakakubaliana kuitisha mtaguso Pisa.

Kisheria walikuwa wanatembea juu ya kamba. Mkusanyo wa sheria wa Gratiano, uliotumika tangu karne ya 12, ulikuwa na kanuni maarufu: Papa hahukumiwi na mtu yeyote, isipokuwa akionekana amepotoka katika imani. Na mwenye haki ya kuitisha mtaguso mkuu ni Papa. Wanasheria wa Pisa walitafuta mlango wa nyuma: kama mtu anajua kuwa analizuia Kanisa Moja lisiwe moja, na anaendelea kuzuia kwa ukaidi, basi anakanusha kwa vitendo kipengele cha Kanuni ya Imani, na huyo ni mzushi. Kwa hoja hiyo, tarehe 5 Juni 1409, mtaguso ukawatangaza Gregori na Benedikto kuwa wafarakanishi na wazushi wa wazi, na kuwavua. Tarehe 26 Juni makardinali wakamchagua Mfransisko mzaliwa wa Krete, Alexander V. Alipofariki mwaka uliofuata wakamchagua Baldassare Cossa wa Napoli, Yohane XXIII. Hukumu ilikuwa nzito na ya kisomi. Kasoro yake ni kwamba walioshtakiwa hawakuikubali mahakama, na wafuasi wao, wakisikia kwamba kumbe kwa miaka 30 wamekuwa wakimfuata mzushi, waliona wametukanwa. Kila upande ulitakiwa ukiri kosa ndipo amani ije. Hakuna aliyekiri. Manahodha wawili wakawa watatu, na chombo kikazidi kwenda mrama.

Konstanz ilifunguliwa tarehe 5 Novemba 1414 katika mji wa wafanyabiashara ukingoni mwa ziwa, kwa wito wa Yohane XXIII aliyesukumwa na Mfalme Sigismund wa Ujerumani. Yohane alidhani anakwenda kuthibitishwa. Alikuja na maaskofu wengi wa Italia, na kama kura zingepigwa kichwa kwa kichwa angeshinda. Mtaguso ukaamua kupiga kura kwa mataifa: Waitalia kura moja, Wafaransa moja, Wajerumani moja, Waingereza moja, na baadaye Wahispania moja. Alipoona upepo umegeuka, usiku wa tarehe 20 Machi 1415 Yohane alijibadilisha mavazi na kutoroka. Alitarajia mtaguso utasambaratika bila yeye. Badala yake, tarehe 6 Aprili ukapitisha hati inayojulikana kwa maneno yake ya kwanza ya Kilatini, Haec Sancta, ikisema mtaguso umepata mamlaka moja kwa moja kutoka kwa Kristo, na kwamba kila mtu, hata mwenye cheo cha Papa, anapaswa kuutii katika mambo ya imani, ya kulimaliza farakano na ya kulirekebisha Kanisa.

Kwa watu wengi hadithi inaishia hapo: mtaguso ulijitangaza kuwa juu ya Papa, ukawafukuza wote. Lakini tazama walivyoondolewa mmoja mmoja, maana kila kufuli lilipewa ufunguo wake. Yohane alikamatwa na kuvuliwa tarehe 29 Mei 1415 kwa sababu ya kununua na kuuza vyeo vitakatifu, maisha ya kashfa na kuukimbia mtaguso. Hakuna shtaka lililosema hakuchaguliwa kihalali. Alivuliwa kama Papa aliyeharibu, na waliokuwa wakimfuata hawakulazimika kusema walikosea. Gregori alifanyiwa jambo la kinyume kabisa. Tarehe 4 Julai 1415 mtaguso uliketi, lakini kwenye kiti cha mwenyekiti alikuwa Sigismund, mlei, kwa sababu Gregori hakuutambua mkutano ulioitishwa na mtu aliyekuwa akimwita Baldassare tu. Wajumbe wake, Kardinali Giovanni Dominici na bwana Carlo Malatesta wa Rimini, wakasimama. Dominici akasoma hati ya Gregori ya kuuitisha mtaguso, ule ambao ulikuwa umeshakaa miezi minane, umeshapitisha hati zake kubwa na kumvua Papa mmoja. Wajumbe wakanyamaza, wakakubali kuitishwa upya. Kisha Malatesta akasoma hati ya kujiuzulu. Gregori akafanywa kardinali askofu wa Porto, akaishi kwa heshima mpaka kifo chake Oktoba 1417. Naamini wengi mle ndani waliona ni mchezo wa kuigiza. Lakini kila mtu alitoka na anachokitaka: waliomfuata Gregori walisema mtaguso ulianza siku ile, na wengine walisema ulianza Novemba.

Benedikto XIII hakukubali mchezo wowote. Kwake ilibidi kung'oa mizizi badala ya kukata mti. Sigismund alisafiri mpaka Perpignan kuzungumza naye, akashindwa, akawageukia wafalme waliokuwa wakimshikilia. Mkataba wa Narbonne wa Desemba 1415 ukapanga jinsi wanavyoweza kujiunga na Konstanz. Tarehe 6 Januari 1416 Aragon ikaondoa utii, na aliyelitangaza jambo hilo hadharani Perpignan alikuwa Vincent Ferrer, yuleyule aliyewahi kuwa padre wake wa maungamo. Mfalme Fernando wa Aragon naye alikuwa amepata taji mwaka 1412 kwa msaada wa Benedikto na Ferrer. Mzee akabaki na ngome ya Peñíscola juu ya mwamba baharini, na mtaguso ukamvua tarehe 26 Julai 1417, wakati ambapo karibu hakuna aliyebaki wa kulalamika.

Uchaguzi wenyewe ulifanyika katika ghala la wafanyabiashara, jengo kubwa la mawe na mbao ambalo bado limesimama kando ya ziwa. Waliingia wapigakura 53: makardinali 23 waliotoka katika pande zilizokuwa zikipigana, na wajumbe 30, sita kutoka kila taifa. Masharti yalikuwa makali: theluthi mbili ya makardinali, na pia theluthi mbili ndani ya kila taifa. Taifa moja tu lingeweza kuzuia. Kwa siku tatu wakampata Oddone Colonna, tarehe 11 Novemba 1417, akajiita Martino V. Sharti lile ndilo ninaloliona kuwa kazi ya akili kuliko zote zilizofanyika Konstanz, kuliko hata Haec Sancta, kwa sababu lilihakikisha kwamba asubuhi ya pili hakuna upande utakaosema haukuwemo.

Mwenye kutaka ushahidi kwamba kombe lilifunikwa na halikufunuliwa aangalie hesabu ya majina. Mwaka 1492 Rodrigo Borgia alijiita Alexander VI, maana yake yule Alexander V wa Pisa alihesabiwa. Lakini mwaka 1523 Mmedici alijiita Klementi VII, jina na namba ya yule wa Avignon, kana kwamba wa kwanza hakuwahi kuwepo. Cossa mwenyewe aliachiwa huru, akafanywa kardinali tena na Martino V, akafariki Firenze mwaka 1419. Kaburi lake, kazi ya Donatello na Michelozzo, liko ndani ya jengo la ubatizo la Firenze, na juu yake pameandikwa kwa Kilatini kwamba hapa amelala Yohane, aliyekuwa Papa wa 23. Inasimuliwa kwamba Martino alikasirishwa na neno lile, na watu wa Firenze wakakataa kulifuta. Mwaka 1958 Kardinali Roncalli alipochagua jina la Yohane alilazimika kueleza kwamba amewahesabu Wayohane 22 ambao uhalali wao hauna ubishi, na hivyo yeye ni wa 23. Zilipita karne tano na zaidi kabla mtu hajaliweka sawa, na hata yeye alifanya kwa kupitia mlangoni polepole.

Zipo hoja tatu zinazopingana na usomaji wangu, na si zote dhaifu. Ya kwanza ni ya wale wanaosema Konstanz ilifaulu kwa sababu ilikuwa na mamlaka juu ya Papa, na Haec Sancta ni ushahidi. Nakubali kwamba bila hati ile mtaguso ungevunjika baada ya Yohane kutoroka. Iliwapa watu ujasiri wa kubaki mjini. Lakini kuwapa ujasiri ni jambo moja, na kulimaliza farakano ni jingine, kwani wafuasi wa Gregori na Benedikto hawakuitambua hata kidogo siku ilipopitishwa. Hoja ya pili husema ni wafalme tu, dini ilikuwa kanzu ya siasa. Ina ukweli mwingi, hasa kwa Benedikto. Haielezi kwa nini wafalme haohao, wakiwa na nguvu zilezile, walishindwa mwaka 1398 na 1409. Nguvu zao zilifanya kazi pale tu walipopata utaratibu ambao haukumwaibisha mtu. Ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo inapendwa sana na watetezi wa upapa: kwamba Gregori XII ndiye aliyekuwa Papa halali muda wote, kwa hiyo mtaguso halali ulianza tarehe 4 Julai 1415 na kila kilichotangulia ni maneno matupu. Orodha rasmi za Vatikano za leo kweli zinafuata mstari wa Roma. Lakini kama waliokuwepo wangeamini hivyo, wasingemchagua mrithi pamoja na makardinali wa Pisa na Avignon. Wangewaambia wasimame nje. Gregori alikuwa ameshafariki wiki kadhaa kabla ya uchaguzi, na makardinali walioteuliwa na mapapa waliovuliwa waliingia ghalani wakiwa na haki sawa. Mstari mmoja ulionyooka umechorwa baadaye, kwa rula.

Sitaki nionekane ninaisifu Konstanz kupita kiasi. Siku mbili tu baada ya Gregori kujiuzulu kwa ukarimu ule, tarehe 6 Julai 1415, mtaguso uleule ulimhukumu Jan Hus wa Bohemia na akachomwa moto, ingawa alikuja akiwa na hati ya Sigismund ya kumhakikishia usalama. Walioweza kufunika kombe kwa mapapa watatu hawakuona sababu ya kulifunika kwa padre mmoja asiye na mfalme nyuma yake, na Bohemia ikawaka vita. Upole wa Konstanz ulikuwa na kipimo: ulikwenda kwa mwenye wafuasi wengi.

Na mitaguso ilifanya jambo jingine lenye faida kuliko hukumu: ilirekebisha sheria ya mbele. Mwaka 1159 makardinali waligawanyika, wengi wakimtaka Alexander III na wachache Ottaviano, ambaye katika vurugu alilinyakua joho jekundu la kipapa na kulivaa nyuma mbele. Kaisari Frederiko Barbarossa akaitisha mkutano Pavia mwaka 1160, ukahukumu kwamba Ottaviano ndiye Papa. Ufaransa na Uingereza zikaipuuza hukumu hiyo, na mgogoro ukaendelea mpaka mapatano ya Venezia ya 1177. Ndipo Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, ukaweka kanuni fupi: Papa ni yule aliyepata theluthi mbili ya kura za makardinali, na asiwepo wa kudai kwamba wachache wake walikuwa na busara zaidi. Mei 2025, makardinali 133 walihitaji kura 89 kwa kanuni hiyohiyo, na kati yao alikuwemo Mtanzania, Kardinali Protase Rugambwa. Kardinali John Njue wa Kenya, aliyekuwa na haki ya kupiga kura, hakusafiri kwa sababu za afya, na kutokuwepo kwake hakukutia doa lolote.

Wanaoitaka Konstanz mpya wangefaa waisome Basel. Mtaguso huo ulifunguliwa 1431 kwa kufuata hati ya Konstanz ya Oktoba 1417 iliyotaka mitaguso iitishwe mara kwa mara. Ukagombana na Papa Eugenio IV, ukamvua tarehe 25 Juni 1439, na Novemba ukamchagua Amadeus, mtawala wa Savoia, kuwa Felix V. Maneno yake ya kisheria yalikuwa yaleyale ya Konstanz, hata makali zaidi. Yaliangukia patupu, maana mwaka 1439 hakuna aliyekuwa na shaka nani ni Papa. Eugenio alikuwa mmoja, anajulikana, na Julai mwaka huohuo mjini Firenze alitia saini umoja na Wagiriki. Basel haikuponya farakano, ilizaa. Felix akajiuzulu Aprili 1449 na kupewa ukardinali, kwa desturi ileile ya kutomwaibisha mtu. Aliyewahi kuwa katibu wake, Enea Silvio Piccolomini, akaja kuwa Papa Pio II, na Januari 1460 akapiga marufuku kukata rufaa kutoka kwa Papa kwenda kwenye mtaguso. Alijua anachokikataza.

Sasa pima hoja ya mitandaoni kwa vipimo hivyo. Mwaka 1378 waliopiga kura ndio walioikana ndani ya miezi minne. Mwaka 2013 hakuna kardinali mpigakura hata mmoja aliyesema kiti hakikuwa wazi, na mwaka 2025 vilevile. Benedikto XVI aliishi karibu miaka kumi baada ya kuondoka na alisema waziwazi kwamba Papa ni mmoja. Wanaoshika tofauti ya maneno mawili ya Kilatini katika tangazo lake, munus (cheo) na ministerium (huduma), wanasahau kwamba kanuni ya 332 ya sheria za Kanisa za 1983 inadai mambo mawili tu kwa kujiuzulu, yaani kufanyike kwa hiari na kutangazwe ipasavyo, na inasema hakuhitaji kukubaliwa na yeyote. Hakuna jimbo lenye maaskofu wawili kwa ajili ya jambo hili, wala nchi iliyoondoa utii. Mtaguso ukiitishwa dhidi ya Leo XIV utakuwa Basel bila hata mtawala wa Savoia.

Niliyaandika haya kwa ufupi kwenye kundi la jumuiya. Mzee akasikiliza, akanyamaza siku mbili, kisha akatuma sauti nyingine, safari hii ya sekunde ishirini: "Sawa mwanangu. Je, Papa akipoteza fahamu, akalala hivyo miaka mitano, nani ataandika hiyo barua ya kujiuzulu?" Hilo ndilo swali ambalo wasomi wetu wa sheria za Kanisa wangepaswa kulipigia kelele badala ya Kilatini cha mwaka 2013. Fransisko alisema mwaka 2022 kwamba mwanzoni mwa utume wake alitia saini barua ya kujiuzulu ikitokea akashindwa kabisa kiafya, lakini barua ya mtu mmoja haiwi sheria kwa mrithi wake. Kanuni ya 335 inasema kwamba Kiti kikiwa wazi, au kikizuiwa kabisa, zifuatwe sheria maalumu zilizotungwa kwa hali hizo. Za kiti kilicho wazi zipo, tena ndefu, zenye mpaka kiapo cha wapishi na madereva wa konklavu. Za kiti kilichozuiwa bado hazijaandikwa.